Mjaza Maputo na Ndugu wa Dakika za Kwanza

Kwa miaka ishirini na tisa, kila siku ilipofika saa saba mchana, mjaza maputo wa kituo chetu cha hali ya hewa alivua saa ya mkononi, akavua mkanda wenye chuma, akatoa simu na funguo mfukoni, na vyote akavitia katika kopo la maziwa ya unga lililokaa nje ya kibanda cha gesi. Kisha alishika kwa kiganja nondo ya shaba iliyochimbiwa mlangoni, ili umeme wowote aliokuja nao mwilini ushuke ardhini. Akaingia. Akasimama mbele ya mtungi mwekundu, akainamisha kichwa kidogo na kusema, "Shikamoo." Ndipo alipofungua koki taratibu, na gesi ikajibu "fsss", jibu ambalo yeye alilihesabu kuwa marahaba.

Wafanyakazi wapya walidhani ana kichaa kidogo. Wa zamani walidhani vivyo hivyo, ila walishazoea. Ukimuuliza, alikujibu bila kutabasamu kwamba anamwamkia aliyemzidi umri, kama mama yake alivyomlea. Ndani ya mtungi kulikuwa na haidrojeni, na haidrojeni imeuzidi umri mlima, imeizidi bahari, imelizidi jua lenyewe, na imemzidi hata mpishi wa kantini yetu, ambaye tarehe yake ya kustaafu imekuwa ikisogezwa mbele tangu mimi niko chekechea.

Tulimwita Mzee Puto. Ni mtu mfupi, mkavu, mwenye mikono mirefu kuliko inavyostahili kimo chake, labda kwa kuvutwa na upepo miaka yote hiyo. Kazi yake ilikuwa kujaza puto moja kubwa jeupe, kulifungia kisanduku cha vipimo, na kuliachia saa nane na robo. Puto hupanda kwa muda wa karibu saa mbili mpaka linapasuka huko juu. Katika muda huo fundi wa vipimo husoma tarakimu zinazoshuka, na mjazaji hana la kufanya. Mwingine angelala. Yeye alisoma kitabu cha fizikia kilichosahauliwa na mkaguzi mmoja wa mitambo, kitabu kinene kisicho na jalada, na alikisoma kwa miaka saba. Alipofika sura ya dakika za kwanza za ulimwengu, akaishia hapo. Alisema sura zilizofuata zinahusu mambo ya juzijuzi.

Mkewe ni mwalimu wa shule ya msingi iliyo nyuma ya uzio wetu. Wana watoto pacha, wote wa kiume, wote wameshaoa, na kwa hiyo kila mtu anamwita mwalimu huyu Mama Mapacha. Mara moja kwa muhula alilileta darasa lake kituoni, wanafunzi arobaini, wakae kwenye nyasi mbali na kibanda, na mumewe awaeleze ile gesi imetoka wapi. Maelezo hayo niliyasikia mara nne kupitia dirisha la masjala, ninakofanya kazi, na kila mara yalianza hivihivi.

"Mwanzoni kulikuwa na joto. Si joto la kusema leo kuna joto. Joto la kabla chuma hakijafikiriwa."

"Nani aliwasha?" mtoto mmoja akauliza.

"Hilo si la kibanda hiki. Kaulize nyumbani. Sasa, ndani ya joto lile walikuwamo wawili tunaowataka leo: protoni na nyutroni. Wakikutana, wanashikana mikono. Mara mwanga mkali unapita, kofi! Wanaachana. Wanashikana tena, kofi tena. Hakuna nyumba inayosimama."

"Kama wapangaji wa yule baba wa nyumba ya kona," alisema Mama Mapacha kutoka nyuma ya darasa.

"Mama Mapacha, niachie darasa."

"Darasa ni langu. Endelea tu."

"Lakini ulimwengu ulikuwa unatanuka, na katika kutanuka ukapoa. Dakika ya pili, ya tatu hivi, mwanga ukaishiwa nguvu za kupiga makofi. Walioshikana wakabaki wameshikana. Sasa sikilizeni. Nyutroni akiwa peke yake hana maisha marefu. Robo saa tu ni nyingi kwake, anageuka kitu kingine. Kwa hiyo kufikia hapo, kwa kila protoni saba alibaki nyutroni mmoja. Protoni wakiwa kumi na wanne, nyutroni wangapi?"

"Wawili!"

"Wawili hao wakachukua protoni wawili, wakajenga nyumba ya watu wanne. Nyumba imara, haivunjiki ovyo. Hiyo ndiyo heliamu. Protoni wangapi wamebaki?"

"Kumi na wawili!"

"Kila mmoja kivyake. Hao ndio haidrojeni. Na pembeni makombo, lithiamu kiduchu, hata kijiko hakijai."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu alichelewa. Kufikia kama dakika ya ishirini ulimwengu ulishapoa na kutawanyika, hakuna anayemfikia mwenzake. Jiko limefungwa. Dhahabu, chuma, na huyu oksijeni mnayemvuta hapa, wote walisubiri nyota zije kuwapika, na nyota zilikuja mamilioni ya miaka baadaye. Kwa hiyo haidrojeni na heliamu ni ndugu. Nyumba moja, dakika zilezile."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyoleta balaa, kwa sababu safari ya nne ilisikika na mkuu wa kituo.

Mkuu wetu ana shahada tatu, zote za uongozi, na tai ambazo hakuna aliyewahi kuziona zimelegea. Siku ile alikuwa anapita kutafuta dereva. Alikuta maelezo yanamalizika, akasikia "ndugu" na "nyumba moja", akatoa kijitabu akaandika. Wakati huo alikuwa na jambo lake kubwa mkononi. Kituo kilikuwa kinajenga ukumbi wa maonyesho, na yeye mwenyewe alikuwa ameupa jina: Ukumbi wa Kutoka Mwanzo wa Ulimwengu hadi Utabiri wa Kesho. Utabiri wetu wa kesho, niseme ukweli, hukosea siku mbili kati ya tano. Mwanzo wa ulimwengu una nafuu kwamba hakuna aliyeanika nguo.

Pakaundwa kamati ya watu kumi na mmoja. Kwa kuwa ni mimi ninayetunza mafaili, kumbukumbu za vikao vyake ninazo zote. Kikao cha kwanza kiliamua kuwe na maputo mia mbili ya heliamu yatakayogusa dari. Cha pili kilijadili rangi. Cha tatu kiliahirisha rangi. Cha nne kilipokea taarifa ya kamati ndogo ya rangi. Cha tano kilipitisha bluu, wajumbe wawili wakipinga. Barua ya kuagiza heliamu iliandikwa baada ya kikao cha tano, kwa sababu ilionekana si vizuri kuagiza gesi kabla ya kujua itakaa ndani ya rangi gani. Ulimwengu mzima ulitengeneza heliamu yake kwa dakika chache, bila mwenyekiti.

Ratiba ya sherehe nayo ilikuwa hivi: Jumamosi saa nne asubuhi, mgeni rasmi ataingia, atawasha mshumaa mkubwa katikati ya ukumbi kuashiria mwanzo wa ulimwengu, na darasa la Mama Mapacha, likiwa limekaa sakafuni kuuzunguka mshumaa, litaimba. Juu yao, maputo.

Alhamisi mkuu alimwita Mzee Puto ofisini. Mlango wa ofisi ile haufungi vizuri, na masjala iko jirani.

"Mzee, Jumamosi saa tatu nataka maputo mia mbili yagonge dari."

"Heliamu imefika, mkuu?"

"Heliamu iko kwenye mchakato."

Hapa kwetu kila mtu anajua maana ya mchakato. Nina jalada la choo cha walinzi ambacho kiko kwenye mchakato tangu kabla sijaajiriwa, na walinzi bado wanavuka barabara.

"Basi tungoje, mkuu."

"Mgeni rasmi hangoji. Jaza hiyo uliyonayo."

"Haidrojeni?"

"Si wewe unayewafundisha watoto kwamba ni ndugu? Nimeshaandikisha bango zima." Na kweli bango lilikuwa limeshatundikwa, herufi kubwa kama za duka la samani: HAIDROJENI NA HELIAMU, NDUGU WA DAMU. "Sasa ndugu mmoja akiwa safarini, mwingine anamwakilisha. Hata kwenye vikao vya ukoo ni hivyo."

"Mkuu, mimi nina pacha. Tumbo moja, wamepishana dakika tisa. Wa kwanza nikimpa kiberiti ananiwashia jiko. Wa pili nikimpa kiberiti, natafuta namba ya zimamoto. Ndugu, ndiyo. Kuwakilishana, hapana. Heliamu katulia kwake, hamtaki mtu. Haidrojeni akikutana na oksijeni, kukatokea na moto hata wa kidole, hapo hakuna kubembeleza."

"Moto wa kidole utoke wapi?"

"Ule mshumaa."

"Mshumaa uko chini, maputo yako juu."

"Nyuzi zinaning'inia mpaka chini, mkuu. Na chini kuna watoto arobaini."

"Usinitishe na sayansi, mzee. Na mimi nimesoma."

"Tena, mkuu, huyo heliamu wa kwenye mitungi hata si yule wa dakika zile. Wa kwetu huyu kazaliwa chini ya ardhi, ndani ya miamba, baadaye sana. Ndiyo maana mimi simwamkii."

"Unaona?" mkuu alisema kwa furaha ya mtu aliyeshinda kesi. "Hata huyo unayemtetea humheshimu."

Mzee Puto akaombwa aandike sababu zake. Akaandika mistari mitatu: ukumbini kutakuwa na mshumaa, haidrojeni hulipuka, siwezi kujaza. Alijibiwa kwa kurasa mbili zilizotaja moyo wa kujitolea mara sita. Mwishoni palikuwa na aya moja yenye maana. Asipoyajaza maputo kwa gesi iliyopo, ataondolewa kibandani na kuhamishiwa masjala kwa miaka minne iliyobaki kabla ya kustaafu, na kazi ya Jumamosi itafanywa na dereva wa kituo. Dereva huyo ni mtu mwema. Anavuta sigara akiendesha, akila, na mara moja nilimwona akivuta huku anapiga mswaki.

Hapo ndipo mzee alipobanwa. Angekataa na kukunja mikono, haidrojeni ingeingia ukumbini vilevile, tena kwa mkono wa mtu mwenye sigara. Angekubali, angeijaza yeye mwenyewe juu ya vichwa vya watoto. Na bei ya kutotii aliijua: kile kibanda, na yale maamkizi, na saa mbili za kitabu.

Yaliyosemwa nyumbani Ijumaa jioni nimeyapata kwa Mama Mapacha mwenyewe, ambaye hafichi kitu, hasa kikiwa kinamsifu.

"Jumamosi usilete darasa lako," mumewe alimwambia, akiwa bado amesimama mlangoni na viatu.

"Nisipolileta langu watachukua la mwenzangu. Watoto wa mwenzangu hawaungui?"

Akamsimulia yote. Mwalimu alisikiliza huku anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu haikusimama.

"Dereva? Yule bomba la moshi?"

"Yeye."

"Baba Mapacha, jaza pumzi."

"Pumzi haipandi. Maputo yatalala sakafuni."

"Yalale. Umeshaona mtoto analia kwa sababu puto liko chini, anaweza kulifikia?"

"Watanitoa kibandani."

"Watakutoa," alisema mkewe. Hakumpunguzia. "Kuna lingine, au ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Basi kaazime pampu ya baiskeli kwa jirani kabla hajafunga lango."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi walikuwa ukumbini, wawili tu, mlinzi akiwa amewafungulia na kwenda zake kuvuka barabara. Mzee alipiga pampu, mwalimu alipuliza kwa mdomo na kufunga mafundo. Kila baada ya maputo kumi alikaa chini kizunguzungu kipite.

"Miaka thelathini naambiwa mume wangu ni mtu wa gesi," alisema. "Kumbe gesi yenyewe ninayo mimi."

"Funga fundo, linavuja."

"Wewe ndiye unayevuja. Tazama jasho hilo."

Saa tatu kasoro walikuwa wamefikisha maputo mia moja tisini na moja. Mkuu alipofungua mlango aliyakuta yote sakafuni, ya bluu, yamejaa hadi kwenye vifundo vya miguu, yakipishana polepole kila upepo wa mlango ulipoingia. Akatazama dari. Akatazama chini. Akatazama dari tena, kama mtu anayedhani amekosea upande.

"Mbona yamelala?"

"Yana hewa, mkuu."

"Hewa gani?"

"Hii hii."

Uso wa mkuu ulipitia rangi ambazo kamati haikuzipitisha. Lakini nje gari la mgeni rasmi lilikuwa limeshapiga honi, siku hiyo limekuja saa nzima kabla ya ratiba, na darasa lilikuwa limeshaingia. Watoto walipoona sakafu walipiga kelele ambazo hakuna wimbo wa kutungwa ungezifikia. Nilikuwapo, nimeshika trei ya mkasi wa kukatia utepe. Mgeni rasmi aliingia akinyanyua magoti kama anavuka mto.

"Haya maputo kwa desturi si huwa juu?" akauliza.

Hapo mkuu wetu alionyesha shahada zote tatu kwa mpigo. Alisema, bila kumeza mate, kwamba waheshimiwa wanachokiona ni dakika ya kwanza ya ulimwengu, kabla kitu chochote hakijajaliwa uwezo wa kupanda. Alisema jambo hili lilifikiriwa kwa kina. Alisema liliamuliwa na kamati. Wajumbe kumi walitazamana, kisha wote wakaanza kuitikia kwa vichwa kwa namna ya watu wanaokumbuka uamuzi wao wenyewe.

Mgeni rasmi akapiga makofi. Akawasha mshumaa. Watoto wakaanza kuimba, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele, ambaye alikuwa anajitahidi sana kutopiga teke, akapiga teke. Puto likaruka, likazunguka mara moja hewani, likatua juu ya mwali.

Paa!

Mgeni rasmi aliruka. Watoto walicheka mpaka wimbo ukavunjika. Kipande cha mpira wa bluu kilianguka sakafuni, na ikawa basi. Lakini ukumbini mule kulikuwa na watu watatu ambao hawakucheka. Mama Mapacha alikuwa anawahesabu watoto wake kwa kidole, mmoja mmoja, ingawa hakuna aliyeondoka mahali pake. Mumewe alikuwa ameshika fremu ya mlango. Na mkuu wa kituo, nilimwona kwa macho yangu, alinyanyua macho hadi kwenye dari tupu na kuyaacha huko kwa muda, kisha akaanza kupiga makofi kwa nguvu kuliko wote.

Wiki iliyofuata zilipita mezani kwangu barua mbili. Ya kwanza ilitoka juu, ikimpongeza mkuu kwa ubunifu wa kuonyesha mwanzo wa ulimwengu kwa njia rahisi inayoeleweka na watoto. Ya pili ilitoka kwa mkuu, ikimwondoa mjazaji kibandani kwa makosa mawili: kutumia hewa isiyoidhinishwa, na upungufu wa maputo tisa. Tarehe zilikuwa zinafuatana. Nilizigonga mhuri zote mbili kwa mkono uleule, na hilo silisemi kwa kujisifu.

Kibanda amepewa yule fundi wa vipimo, ambaye ni mwangalifu na hamwamkii mtu. Mzee Puto ana meza masjala, ya pili kutoka dirishani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa kantini. Kitabu chake hakisomi tena. Hapa hakuna saa mbili za kungoja kitu kipasuke. Siku ya kwanza alipewa jalada lake mwenyewe aliweke mahali pake, na aliliweka sawasawa, kwa herufi. Bango la ndugu wa damu bado liko ukumbini. Wageni wanapiga picha mbele yake.

Tumekaa meza jirani miezi mitano. Mimi si mtu wa maswali, na yeye alionekana kushukuru kwa hilo. Lakini juzi, mkuu alipopita mlangoni akiwasimulia wageni jinsi wazo la dakika ya kwanza lilivyomjia, nilishindwa. Nilimuuliza kwamba kama Jumamosi ile ingerudi, na amri ileile, na masjala hii ikiwa inamngoja vilevile, angefanya nini.

Aliendelea kutoboa karatasi mpaka akamaliza ile aliyoishika.

"Ningejaza hewa," alisema. "Ila ningeanza Ijumaa. Mia mbili ni mengi."